Maganda ya Matoke Yasipande Lori

Jirani zangu wa Kampala, kuanzia Bwaise hadi Ggaba, kuanzia Kibuli hadi Kasubi, nina ombi moja, nalo ni dogo: maganda ya matoke yasipande lori la taka.

Najua ombi lenyewe linachekesha. Tumezoea kwamba mtu akitaja mazingira ataanza na misitu, barafu ya Rwenzori na mikutano ya Umoja wa Mataifa. Mimi nataka tuzungumze habari za kisu, sinia na lile gunia lililosimama nyuma ya mlango wa jikoni. Menya mkungu mmoja wa matoke, na zaidi ya theluthi ya uzito wa ndizi itabaki kwenye maganda, hata kabla hujahesabu kikonyo na majani ya kufunikia. Zidisha kwa nyumba zote za jiji, ongeza shule, hoteli na vibanda vya chakula vya Wandegeya, ndipo utaona kwa nini sehemu kubwa ya taka za Kampala si chupa wala makopo. Ni chakula, na mabaki ya chakula.

Tunajua taka hizo zilikuwa zikienda wapi. Dampo la Kiteezi, kule Wakiso, lilifunguliwa mwaka 1996, na kwa miaka karibu 30 jiji zima lilirundika huko kila lilichokichoka, mpaka pakawa mlima. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule ulimeguka ukafukia nyumba, mifugo na watu waliokuwa wamelala. Miili 35 ilitolewa. Mwezi uliofuata Rais aliwafuta kazi wakuu watatu wa KCCA, mamlaka ya jiji, na suala la nani alaumiwe likajadiliwa kila mahali, kuanzia bungeni hadi kwenye stendi za bodaboda. Ni haki lijadiliwe. Dampo lilikuwa limejaa siku nyingi, na kulisimamia haikuwa kazi ya mama anayemenya ndizi Kalerwe.

Lakini mlima ule ulijengwa na nini? Maganda yakirundikwa pamoja na nailoni hunyonya maji, huoza bila hewa, hulegea, na ndani yake hutunga gesi ya methani. Gesi hiyo hushika moto, na ikipanda angani, katika miaka 20 ya mwanzo hulipasha joto anga mara zaidi ya 80 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Maganda hayohayo yakienda zizini, habari ni nyingine kabisa.

Nayo mazizi hayako mbali. Pembezoni mwa jiji, Kyengera, Nansana, Kira na kwingineko, kuna watu wanaofuga ng'ombe wa maziwa ndani ya zizi kwa sababu malisho yamekwisha, yamekuwa maghorofa. Wapo wenye mbuzi, wapo wenye nguruwe. Hao wote wanatafuta maganda. Sokoni hukusanywa na kuuzwa kwa magunia, na ukisimama barabarani asubuhi utamwona kijana akisukuma baiskeli iliyofunikwa na magunia mpaka haionekani. Kitu ambacho wewe unalipia kichukuliwe, mwenzako yuko tayari kupanda kilima kukifuata.

Anachokiogopa ni kimoja tu: kaveera, yaani mfuko wa nailoni. Ng'ombe hachambui anachokula. Akimeza mfuko wa nailoni pamoja na maganda, mfuko haumeng'enywi wala hautoki. Unabaki tumboni, unajikunja na mingine, mpaka siku moja mnyama anaacha kula na mwenyewe hajui kwa nini. Ndiyo maana mfugaji akifungua gunia lako akakuta nailoni, kijiti cha mishikaki na chupa iliyovunjika, hulifunga tena akaenda zake. Gunia zima limeharibika kwa vitu vitatu.

Kwa hiyo tuwe na magunia mawili. La kwanza ni la maganda, majani na mabaki ya mboga, likae kivulini mdomo wazi lisivundike. La pili ni la vingine vyote. Maganda ya muhogo yaanikwe juani kwanza, maana mabichi yana sumu. Wala huhitaji uwanja. Wanaoishi kwenye vyumba vya kupanga wanaweza kuwa na gunia moja kwa safu nzima, na mwenye nyumba aombwe pembe moja tu ya ua. Mwenye nafasi ya debe la udongo barazani anaweza kuozesha maganda na kupanda mboga kama sukuma au nakati. Kituo cha kilimo cha KCCA pale Kyanja kimekuwa kikiwafundisha watu kilimo cha mjini, hata cha ndani ya gunia.

Na kwa kuwa kaveera imetajwa, niseme la moyoni. Mifuko ile myembamba ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 2009, na sheria ya mazingira ya 2019 ikarudia. Leo ukinunua nyanya tatu unapewa. Serikali imelegea, sikatai. Ila hakuna askari anayetulazimisha kuiweka ndani ya sufuria. Nyumba nyingi sasa zinafunika matoke kwa nailoni badala ya majani ya mgomba, kwa sababu ni rahisi na mvuke hautoki. Bibi zetu walijua kufunga majani tabaka juu ya tabaka, na moto ukapunguzwa, na chakula kikaendelea kuiva chenyewe kwa saa nzima. Majani yanauzwa sokoni palepale penye ndizi. Yakishamaliza kazi yake yanaingia gunia la kwanza, ilhali nailoni iliyopikwa huishia mtaroni.

Mtaro nao una safari yake. Kinachotupwa Kisenyi au Katwe huingia mfereji wa Nakivubo, hupita kwenye kinamasi ambacho tumekimega kwa mashamba ya mayugwa na majengo, halafu humwagika kwenye ghuba ya Murchison. Maji ya mabomba yetu huchotwa kwenye ghuba hiyohiyo, pale Ggaba. Kadiri ghuba inavyochafuka, ndivyo kuyasafisha kunavyogharimu zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya Shirika la Maji kwenda kujenga mtambo mwingine mbali, Katosi, wilaya ya Mukono. Gharama hizo nazo lazima zilipwe na mtu.

Na kabla hatujatoka jikoni, juu ya mkaa wa kupikia nitakuwa mfupi. Mei 2023 Rais alitoa amri ya kuzuia uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi. Magunia ya mkaa bado yanafika mjini kwa sababu sisi bado tunayangojea. Aliye na umeme ajue kwamba tangu 2022 kuna bei nafuu ya kupikia, kwa uniti za 81 hadi 150 za kila mwezi. Kasoro yake ni kwamba nyumba maskini haifiki hata uniti ya 81. Asiyefika aloweke maharage usiku kucha, afunike sufuria, na chakula kikiiva ayafukie makaa kwenye majivu yazimike, yawashwe tena jioni.

Kuna jirani ataniuliza: nichambue taka zangu halafu lori lije lizichanganye zote, faida iko wapi? Ana haki ya kuuliza, maana malori mengine hufanya hivyo. Ndiyo sababu ombi langu linaishia kwenye ganda. Ganda likitoka mtaani kwa baiskeli, lori halina la kuchanganya, na gunia linalobaki ni jepesi, halinuki, halivuti nzi wala kunguru.

Waganda wana desturi yao ya bulungi bwansi, watu wa kijiji kutoka pamoja kusafisha kisima na njia bila kulipwa. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, anaweza kuitisha kazi kama hiyo kwa mtaro wa mtaa wenu. Siku hiyo mkiwa pamoja, ulizeni nani anafuga, au nani anamjua mfugaji wa karibu, mkubaliane siku mbili za juma za kuja kuchukua maganda. Mpeni gunia la kwanza bure alikague. Akiwa na masharti, yaandikeni kwenye kipande cha boksi, kwa Kiswahili na kwa Luganda, mkitundike juu ya gunia mahali ambapo hata mtoto anayetumwa kutupa taka atakiona.