Nembo ya Samaki Juu ya Kopo: Ushahidi wa Nani?



Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi akina mama na mabinti wenye kauli ya mwisho juu ya kinachoingia jikoni, juma hili twajibu swali lililotufikia kutoka Kitale na Bungoma. Wasomaji wetu wa huko, wengi wao wakiwa watu wenye asili ya Pwani waliohamia bara kwa biashara, kwa kazi au kwa ndoa, wanasema kuwa makopo ya jodari yaliyopangwa madukani mwao yana alama za namna nyingi. Mengine yana alama ya halali, mengine yana picha ya pomboo, na machache yana nembo ya buluu yenye umbo la samaki. Je, hiyo ya buluu ni sawa na ile ya halali? Na mbona kopo lenye nembo hiyo huwa ghali kuliko jirani yake?

Mtu wa Lamu au wa Vanga huenda akacheka kusikia swali hili, kwani yeye samaki wake humjua kwa macho yake na mashikio yake, na aliyemvua humjua kwa jina la babake. Lakini kutoka Mombasa hadi Kitale ni zaidi ya kilomita 800. Sokoni Bungoma mama hupata omena, mbuta na ngege wa Ziwa Victoria, na wote ni samaki wazuri. Jodari mbichi hamwoni. Akitaka kutia jodari katika sambusa za futari, au katlesi za mtoto anayerudi bweni, njia yake ni kopo. Basi kwa mama huyo kopo ndilo bahari yote, na maandishi yaliyo juu yake ndiyo shahidi wa pekee aliye naye.

Tuanze na lililo jepesi. Samaki, kama tulivyofundishwa chuoni, hana haja ya kuchinjwa, na katika madhehebu yetu ya Shafi mlango wa vyakula vya bahari ni mpana. Alama ya halali juu ya kopo la jodari, kwa hivyo, haizungumzii sana samaki mwenyewe. Yazungumzia mafuta, supu na viungo alivyotiwa, na kiwanda alimopikwa. Ina faida yake na hatuidharau. Picha ya pomboo nayo ilizaliwa Marekani mwaka 1990, kwa sababu katika Pasifiki ya mashariki meli zilikuwa zikiwazingira pomboo makusudi ili ziwapate jodari waogeleao chini yao. Humwambia mnunuzi kuwa pomboo hawakuandamwa. Kuhusu hali ya jodari wenyewe haisemi lolote, na mwenye kuinunua kwa kudhani kuwa inasema, anajidanganya.

Nembo ya buluu ni jambo jingine. Ni ya baraza liitwalo Marine Stewardship Council, kwa ufupi MSC, lililoasisiwa mwaka 1997 na lenye makao yake London. Baraza lenyewe huweka masharti tu. Wanaokagua ni wakaguzi wa nje, na gharama hulipwa na wavuvi wanaoomba cheti. Mkaguzi huuliza mambo matatu: je, samaki waliobaki baharini wanatosha kuzaana? Je, uvuvi huo unawadhuru viumbe wengine na makazi yao kwa kiasi gani? Na je, kuna sheria zinazosimamia uvuvi huo, na zinafuatwa? Kisha kila mkono unaompokea samaki, tangu meli hadi kiwanda hadi mchuuzi mkubwa, hutakiwa kumtenga na samaki asiye na cheti. Hapo ndipo sehemu ya jibu la bei ilipo.

Kwa hivyo halali na nembo ya buluu zinajibu maswali mawili mbalimbali, ila zinafanana katika jambo moja: zote mbili ni ushahidi wa mtu aliyefika mahali ambapo mnunuzi hakuweza kufika. Na shahidi, kwa ada yetu, huchunguzwa. Nani anamlipa? Aliona nini hasa? Amewahi kusema uongo?

Ushahidi mzuri kuliko wote, kwa maoni yetu, watoka Maldivi. Visiwa hivyo ni vya ndugu zetu Waislamu, na Ibn Battuta, yule aliyepita Mombasa mwaka 1331 akaandika kuwa chakula cha watu wake ni ndizi na samaki, baadaye alikuwa kadhi huko na akaeleza jinsi samaki wao alivyokaushwa na kupelekwa Bara Hindi, Uchina na Yemen. Mpaka leo wavuvi wa Maldivi husimama nyuma ya chombo, wakatupa majini dagaa walio hai, kisha wakamtoa jodari mmoja mmoja kwa ufito na ndoana. Samaki wao mkuu ni yule jodari mdogo mwenye michirizi tumboni, ambaye makopo mengi humwita “skipjack”. Mwaka 2012 uvuvi huo ulipata cheti cha MSC. Lakini cheti kilikuja na sharti: Bahari ya Hindi nzima iwe na kanuni ya kupima jodari huyo avuliwe kiasi gani. Kwa kuwa samaki hajui mpaka wa nchi, Maldivi haikuweza kuitunga peke yake. Ikaipeleka mbele ya Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo makao yake ni Ushelisheli na ambayo Kenya yetu ni mwanachama, na mwaka 2016 kanuni ikapitishwa.

Twataka msomaji alitazame hilo kwa makini. Alama ndogo juu ya kopo ilisukuma serikali nyingi ziweke sheria ambayo hazikuwa nayo. Anayesema kuwa nembo ni mapambo ya wazungu tu, hajaitazama habari hii.

Ila sheria kuandikwa si sawa na sheria kufuatwa. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, kikomo cha kila mwaka kuanzia 2018 hadi 2020 kiliwekwa tani 470,029. Mwaka 2018 pekee zilivuliwa zaidi ya tani 600,000. Ziada yote hiyo ilitoka wapi? Wavuvi walikuwa wengi na nchi zilikuwa nyingi, lakini haiwezekani kuieleza bila kutaja vyelezo.

Chelezo cha siku hizi si kile boya cha wavu tukijuacho. Ni kitu kama jahazi dogo lisilo na watu, lenye nyavu au kamba zinazoning'inia chini yake, na juu yake chombo cha mawasiliano kinachozungumza na setilaiti. Jodari hupenda kukusanyika chini ya kitu kinachoelea. Wazee wetu walilijua hilo kwa magogo yaliyosombwa na mito. Nahodha wa meli kubwa, akiwa mamia ya kilomita mbali, huambiwa chelezo kiko wapi na hata samaki waliojikusanya ni kiasi gani. Huja, akakizungushia wavu, akazoa wote. Katika wote hao mna jodari wadogo wa mapezi ya manjano ambao hawajazaa hata mara moja, kwani wao hupenda kuandamana na wenzao wa michirizi. Mna papa, na pengine kasa walionaswa. Na chelezo kilichopotea huendelea kuelea mpaka kikwame juu ya matumbawe ya mtu mwingine.

Jodari wa mapezi ya manjano ndiye jodari hasa wa wavuvi wetu wa Kipini, Kizingitini na Shimoni, wanaomfuata kwa mshipi wakati wa kaskazi bahari ikitulia. Kuanzia mwaka 2015 wataalamu wa Kamisheni walimhesabu kuwa amevuliwa kupita kiasi. Tathmini ya mwaka 2024 imetoa habari njema zaidi, na twashukuru. Lakini samaki aliyehesabiwa mgonjwa kwa takriban miaka kumi hapasi kurudishwa kazini siku anayoshuka kitandani. Akipungua yeye, hasara haiishii kwa mvuvi. Mama karanga anayengoja ufuoni na karai lake, aliyekopa mafuta na kuni kwa ahadi ya kulipa jioni, ndiye wa kwanza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mwezi wa Februari 2023 Kamisheni ilikutana Mombasa, mlangoni petu. Kenya ndiyo iliyokuwa imetoa pendekezo la kuvibana vyelezo, kisha ikaliondoa kabla ya kikao, jambo ambalo hatukulipenda wakati ule na hatulipendi sasa. Indonesia na nchi nyingine, Maldivi ikiwamo, zikalishika bendera. Kwa kura ikapita kwamba vyelezo visitumike kwa siku 72 kila mwaka. Wavuvi wadogo wa bahari yote hii walishangilia. Lakini katika Kamisheni hiyo mwanachama akitoa pingamizi hafungwi na azimio, na wapingaji wakizidi theluthi moja azimio lenyewe hukosa nguvu. Umoja wa Ulaya, wenye meli nyingi za namna hiyo, ulitoa pingamizi. Wengine wakafuata, na siku zile 72 zikayeyuka. Mei 2024, huko Bangkok, walikubaliana lililowezekana: vyelezo 300 vilivyoruhusiwa kwa kila meli vipungue hadi 250 kuanzia mwaka 2026, na 225 kuanzia 2028. Ni hatua. Siku za kupumzisha bahari hazikurudi.

Sasa lipo lililotutia uzito tulipokuwa tukiandaa jibu hili. Mwaka 2018 nembo ile ile ya buluu ilipewa kampuni ya Kihispania, Echebastar, inayovua jodari katika Bahari ya Hindi kwa meli za wavu wa kuzungusha, vyelezo vikiwamo. Jaribio lake la kwanza lilikuwa limeshindwa. La pili likafaulu, ingawa mashirika ya kutetea bahari, WWF likiwamo, yalipinga. Maana yake ni kuwa nembo moja huenda ikawa juu ya samaki aliyetolewa kwa ufito, na pia juu ya samaki aliyezolewa chini ya chelezo. Wakati huo huo mvuvi wa Vanga, ambaye hana chelezo wala setilaiti, hana cheti, kwa kuwa hana fedha za kumlipa mkaguzi wala hesabu zilizoandikwa za kumwonyesha.

Kwa hivyo jibu letu kwa akina mama wa Kitale na Bungoma ni hili: nembo ya buluu ni bora kuliko kutokuwa na nembo, lakini msiishie hapo. Geuzeni kopo, msome nyuma. Kopo zuri hutaja jina la samaki, hutaja bahari aliyovuliwa, wakati mwingine kwa namba (51 ni Bahari ya Hindi ya magharibi, yaani hii yetu), na hutaja njia. Mkiona maneno “pole and line”, huyo ni samaki wa ufito. Kopo lisilotaja hata bahari, limeficha jambo.

Na muulizeni mwenye duka. Hili twalisisitiza, kwani kuna mfano. Mwaka 2011 nchini Uingereza wanunuzi wa kawaida, wakihimizwa na shirika la Greenpeace, waliyabana makampuni ya makopo mpaka yakaahidi kuacha jodari wa vyelezo. Mojawapo, John West, iliahidi kukamilisha ifikapo mwisho wa mwaka 2016. Ilipoonekana kuwa ahadi haitekelezwi, duka kubwa la Tesco liliondoa baadhi ya makopo yake rafuni mwaka huo huo. Ahadi ilipatikana kwa kuuliza, na uvunjaji wake ukajulikana kwa kuendelea kuuliza. Chama cha akina mama ishirini cha Bungoma, wanaonunua pamoja kwa ajili ya Ramadhani, kikimwandikia meneja wa duka barua moja yenye adabu kutaka kujua jodari wake amevuliwa wapi na kwa njia gani, meneja ataipeleka kwa anayemletea mzigo, kwa sababu hataki kuwapoteza wateja ishirini.

Kuhusu bei, hatumwambii mama mwenye watoto sita anunue kopo asiloliweza ili kumridhisha mtu wa London. Samaki anayetolewa mmoja mmoja humchosha mvuvi, na kutengwa kwake njia nzima kuna gharama. Ndiyo sababu ya ghali yake. Asiyemudu, basi apunguze idadi ya makopo na aongeze omena, ambaye lishe yake haipungui ya jodari na ambaye amevuliwa karibu na nyumbani.

Ingawa hata omena ana maswali yake: nyavu za matundu madogo kupita kiasi, na magunia yanayokwenda kuwa chakula cha kuku badala ya cha watu. Hayo, inshallah, tutayaingia juma lijalo, na mlio karibu na Ziwa tuleteeni mnayoyajua kabla ya Jumatano.

Wassalaam.