Dhoruba za Jua: Daftari Lisitupwe

Ijumaa tarehe 10 Mei, 2024, dunia ilipigwa na dhoruba ya jua iliyokuwa kubwa kuliko zote tangu Oktoba 2003. Jumapili iliyofuata, intaneti ikayumba Tanzania nzima. Ni rahisi kuyaunganisha mambo hayo mawili, lakini jua halikuwa na hatia: mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Hata hivyo, siku zile ziliwaonjesha watumishi wa umma wa Bukoba na Muleba jambo ambalo dhoruba ya jua yaweza kulileta kwa ukali zaidi.

Jua hurusha mawingu ya chembe zenye umeme. Yakiifikia dunia hutikisa usumaku wake, na mtikisiko huo huzalisha mikondo katika nyaya ndefu za umeme. Machi 13, 1989, watu milioni sita wa jimbo la Quebec, Kanada, walikosa umeme kwa saa tisa. Mwaka 2003 transfoma kadhaa ziliharibika Afrika Kusini; basi asiwepo wa kudai kwamba balaa hili ni la nchi za baridi peke yake.

Ni kweli kwamba mikondo hiyo huwa mikali zaidi kuelekea ncha za dunia. Kwa Kagera, iliyo jirani na ikweta, hatari ya kwanza iko angani: redio za masafa marefu na ishara za setilaiti. Mei 2024 wakulima wa Marekani walisimamisha matrekta wakati wa kupanda kwa sababu vyombo vya GPS vilikosea mahali. Mvuvi wa Goziba au Ikuza anayerudi usiku kwa kufuata mshale wa simu naye hapana budi ajue kwamba mshale huo waweza kumdanganya, na dira ya kawaida isikosekane katika mtumbwi.

Ofisini mambo ni mazito zaidi. Leo ushuru haulipwi bila namba ya malipo itokayo mtandaoni. Hayo ni maendeleo, na hakuna sababu ya kuyabeza. Kasoro ni mazoea yaliyoyafuata: kabati la fomu limeachwa tupu, na maneno “mtandao hakuna, njoo kesho” yamegeuka jibu kamili. Mwananchi aliyevuka ziwa kutoka Bumbire, na nauli yake imekwisha, hana hiyo kesho.

Karani naye asilaumiwe bure. Akiandika stakabadhi ya mkono bila idhini, anajitafutia mashitaka. Kwa hiyo idhini hiyo, pamoja na vitabu vya akiba vyenye namba, itolewe kabla ya dhoruba, wala si siku ya dhoruba.

Tetemeko la Septemba 10, 2016 halikubisha hodi lilipozibomoa shule za Ihungo na Nyakato. Jua hubisha: wingu lake kwa kawaida husafiri siku moja hadi tatu, na vituo vya nchi za nje hutangaza. Kinachotakiwa ni tangazo hilo limfikie mtu wilayani mwenye mamlaka ya kuagiza orodha zichapwe, jenereta ya hospitali ijazwe mafuta na wavuvi waarifiwe. Shule, kwa upande wake, yaweza kuanza leo kuandika kwa wino majina ya wanafunzi na wazazi wao, bila kungoja waraka kutoka Dodoma.