Maskini Mbele ya Dirisha la Karani: Kuhusu Misaada ya Serikali Nchini Marekani



Katika mazungumzo ya jumuiya zetu husikika mara kwa mara kauli mbili kuhusu Marekani, nazo haziwezi kuwa za kweli zote mbili kwa pamoja. Ya kwanza yasema kwamba huko hakuna maskini. Ya pili yasema kwamba maskini wa huko wamelemazwa na serikali inayowalisha bure, na kwamba sisi tusiige kosa hilo. Twataka kuichunguza hasa hii ya pili, kwa sababu wapo wanaoifanya hoja ya kutomsaidia mtu, hata mlangoni pa parokia. Tena wako ndugu zetu, wakimbizi wa Kongo wanaosema Kiswahili kama sisi, ambao leo wanaishi chini ya sheria hizo huko Kentucky, Texas na Arizona.

Msimamo wetu twautaja tangu mwanzo. Kosa la Marekani si kutoa mno. Kosa lake ni kumshuku yule anayepewa, hata shuku yenyewe ikawa mzigo mzito kuliko msaada.

Tarehe 14 Agosti 1935, katikati ya dhiki kubwa ya uchumi, Rais Franklin Roosevelt alitia saini Sheria ya Hifadhi ya Jamii. Ndani ya sheria hiyo moja zilikuwamo njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya mfanyakazi: alikatwa sehemu ya mshahara wake, na alipozeeka alilipwa pensheni kama haki yake, wala hakuna aliyemwuliza habari za tabia yake. Njia ya pili ilikuwa ya mama anayelea watoto bila baba. Huyu alipewa fedha kidogo, kwa kadiri jimbo lake lilivyopenda, baada ya kuchunguzwa yeye na nyumba yake. Tena vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani waliachwa nje ya njia ya kwanza mpaka miaka ya 1950. Na huko kusini, Weusi wengi walikuwa ndio hao. Mtu aliyechuma pamba ya wenzake maisha yake yote hakuwa na la kudai uzeeni, ila kuomba.

Msomaji aishike tofauti hiyo ya haki na ombi, maana ndiyo iliyozaa mengi yaliyofuata. Katika majimbo kadhaa maofisa walibisha hodi usiku wa manane ili kuona kama ndani yumo mwanamume. Akionekana, watoto walikatiwa msaada, hata kama mtu huyo hakuwa baba yao wala hakuwapa senti moja. Kanuni ya Alabama iliyowanyima watoto msaada kwa sababu hiyo ilibatilishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1968. Na mwaka 1970 mahakama hiyo hiyo ikaamua kwamba mtu asikatiwe msaada kabla ya kusikilizwa. Mabadiliko hayo hayakuletwa na wanasheria peke yao. Kina mama wenyewe walijiunga katika chama cha kudai haki zao, na mwenyekiti wao, Johnnie Tillmon, alikuwa mama wa watoto 6 aliyepata kufanya kazi katika kiwanda cha kufua nguo huko California.

Kisha upepo ukageuka. Katika kampeni yake ya mwaka 1976, Ronald Reagan alirudia mara nyingi hadithi ya mwanamke wa Chicago aliyetumia majina mengi kujipatia misaada. Mwanamke huyo alikuwapo kweli, na alikuwa mlaghai. Lakini sura yake ikabandikwa juu ya mamilioni ya wanawake ambao hawakumwibia mtu. Ndivyo uongo mkubwa unavyojengwa mara nyingine: huanzia kwenye ukweli mdogo.

Miaka 20 baadaye, tarehe 22 Agosti 1996, Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyoufuta ule mpango wa 1935 wa mama na watoto. Mpango uliochukua nafasi yake ulimwekea mama kikomo: asipokee fedha za serikali kuu kwa zaidi ya miaka 5 katika maisha yake yote, isipokuwa wachache waliosamehewa, na afanye kazi au ajiandae kufanya kazi. Majimbo yakapewa fungu moja la fedha, kama dola bilioni 16.5 kwa mwaka, na uhuru mkubwa wa kuamua matumizi yake. Peter Edelman, mmoja wa maofisa wakuu wa wizara iliyohusika, alijiuzulu kwa kuipinga sheria hiyo.

Maaskofu Katoliki wa Marekani, ambao mwaka 1986 walikuwa wametoa barua ya kichungaji kuhusu haki katika uchumi, walipinga mambo kadhaa ndani yake. Tutaje moja tu. Tangu mwaka 1992 New Jersey ilikuwa na kanuni ya kutomwongezea mama kitu chochote akipata mtoto mwingine wakati anapokea msaada, na wengi walitaka kanuni hiyo ienee nchi nzima. Maaskofu waliona mara moja mahali inapoelekea: mama maskini mwenye mimba angesukumwa kuitoa. Hapo wale waliojiita watetezi wa uhai na wale waliojiita wakali wa matumizi walikuwa mara nyingi watu wale wale, na ilibidi wachague. Sheria haikuilazimisha kanuni hiyo, bali iliyaachia majimbo yaamue. New Jersey yenyewe iliifuta mwaka 2020.

Haki yatudai tuseme pia yale ambayo watetezi wa sheria hiyo husema. Katika miaka iliyofuata, kina mama wengi waliolea watoto peke yao walipata kazi, na umaskini wa watoto ulipungua. Hilo ni kweli. Lakini miaka hiyo uchumi wa nchi ulikuwa umestawi, na tangu mwaka 1993 serikali ilikuwa imeongeza sana fedha inazowarudishia wafanyakazi wa mishahara midogo kwa njia ya kodi. Uchumi ulipoyumba, udhaifu wa mpango mpya ulionekana. Mwaka 1996, katika kila familia 100 maskini zenye watoto, 68 zilipata msaada huo wa fedha. Mwaka 2020 zilikuwa 21. Familia nyingine 79 hazikuwa zimetajirika.

Fedha zilikwenda wapi? Sehemu kubwa majimbo yalizielekeza kwenye shughuli nyingine, baadhi njema, baadhi za kuziba mapengo ya bajeti zao. Mississippi, mojawapo ya majimbo maskini kabisa, ilipita wote. Ukaguzi uliotangazwa mwaka 2020 na uliofuatia ulionyesha kwamba zaidi ya dola milioni 70 za fungu la maskini zilitumiwa vibaya, zikiwamo takriban milioni 5 za kujengea ukumbi wa mpira wa wavu katika chuo kikuu. Mkurugenzi wa idara iliyohusika alikiri makosa mahakamani mwaka 2022. Twaomba msomaji alipime jambo hili polepole. Mama wa Mississippi aliyeomba dola chache alidaiwa karatasi juu ya karatasi. Waliochukua mamilioni hawakuulizwa kitu kwa miaka kadhaa.

Hapa ndipo wengi hutukumbusha maneno ya Mtume Paulo kwa Wathesalonike kuhusu mtu asiyetaka kufanya kazi. Mwaka 2013 mbunge mmoja wa Tennessee aliyataja maneno hayo katika mjadala wa kupunguza msaada wa chakula, ilhali yeye mwenyewe alikuwa mkulima aliyekuwa akipokea ruzuku ya serikali kwa ajili ya mashamba yake. Sisi twajibu kwamba Mtume alimsema asiyetaka, si asiyepata, wala asiyeweza. Katika mwaka 2024 watu wapatao milioni 42 walipokea msaada wa chakula kila mwezi huko Marekani, na karibu 4 kati ya kila 10 walikuwa watoto. Mtoto wa miaka 3 ataajiriwa na nani?

Na tusidhani kwamba hakuna njia nyingine. Njia nyingine ilijaribiwa, na Wamarekani wenyewe waliiona. Kuanzia Julai hadi Desemba 2021, wakati wa janga la korona, serikali yao ililipa karibu kila familia yenye watoto dola 300 kwa mwezi kwa mtoto wa chini ya miaka 6, na dola 250 kwa mkubwa zaidi, hadi miaka 17. Hata familia isiyo na kipato chochote ilistahili. Hakukuwa na ukaguzi wa tabia, wala kusimama mbele ya dirisha la karani. Fedha zilifika benki tarehe ileile zilipofika za jirani mwenye mshahara mzuri, na hakuna aliyejua nani ni maskini. Kwa kipimo cha serikali kinachohesabu pia misaada na kodi, watoto maskini walikuwa asilimia 9.7 mwaka 2020. Mwaka 2021 wakawa asilimia 5.2, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyokuwa vimepimwa. Watafiti waliochunguza ajira katika miezi ile hawakuona wazazi wakiacha kazi kwa wingi, kama ilivyohofiwa.

Mpango huo uliachwa ufe. Desemba 2021 seneta mmoja wa West Virginia, Joe Manchin, alikataa kuupigia kura muswada ambao ungeuendeleza. Maseneta wote wa chama pinzani walikuwa wamekwisha kukataa. Mwaka 2022 watoto maskini walifika asilimia 12.4, zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia. Nchi haikuwa imefilisika. Watu wenye mamlaka walikaa, wakaamua, na watoto wakarudi walikotoka.

Sharti la kazi nalo limejaribiwa. Katikati ya mwaka 2018 Arkansas iliwataka watu fulani waliokuwa na bima ya afya ya maskini, yaani Medicaid, wathibitishe saa 80 za kazi kila mwezi. Mwanzoni taarifa zilipokewa kwa kompyuta tu, na tovuti yenyewe ilifungwa kila usiku kuanzia saa 3 hadi saa 1 asubuhi, kana kwamba nayo yahitaji usingizi. Kabla ya mwaka kwisha, watu zaidi ya 18,000 walikuwa wameipoteza bima yao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikuta kwamba zaidi ya asilimia 95 ya waliolengwa walikuwa tayari wakitimiza sharti au walistahili kusamehewa, na kwamba ajira haikuongezeka. Waliotupwa nje wengi wao hawakuwa wavivu. Walishindwa na karatasi. Hakimu alisimamisha mpango huo Machi 2019.

Hata hivyo sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imelirudisha sharti la saa 80 na kulipeleka kwenye majimbo mengi zaidi, ikiyataka yaanze ifikapo tarehe 1 Januari 2027. Katika msaada wa chakula, umri wa watu wazima wanaodaiwa kazi umepandishwa hadi miaka 64.

Wako makatibu wa parokia ambao, mjane akija kuomba unga, huuliza kwanza risiti ya zaka. Tunawasihi viongozi wa Karitasi waisome habari ya Arkansas pamoja nao, kisha wajiulize ni wangapi walioondoka mlangoni wakiwa na njaa na hawakurudi tena.

Na sasa wale ndugu zetu wa Kongo. Sheria ya 1996, pamoja na ukali wake, iliwafungia wahamiaji wengi halali kwa miaka 5 ya kwanza lakini iliwaacha wakimbizi, kwa kutambua kwamba mtu aliyekimbia vita hufika mikono mitupu. Sheria ya 2025 imewaondoa wakimbizi katika msaada wa chakula mpaka wapate ukaazi wa kudumu, ambao mkimbizi hawezi kuuomba kabla hajatimiza mwaka mmoja nchini. Mwaka huo mmoja ndio ule ambao mama aliyetoka kambi ya Nyarugusu bado hajui kusoma barua inayoletwa mlangoni, wala basi la kumpeleka kazini.