Kamari ni Kamari Hata Ikiitwa Zawadi

Tarehe 11 Oktoba 2025 Gavana Gavin Newsom wa jimbo la California, nchini Marekani, alitia saini muswada namba AB 831. Tangu tarehe 1 Januari 2026 kasino za intaneti zinazojificha nyuma ya jina la bahati nasibu ya zawadi ni haramu katika jimbo hilo. Wenye kasino hizo walilalamika kwamba wameonewa, kwani wao, kwa madai yao, hawachezeshi kamari bali wanagawa zawadi tu. Ndugu msomaji, dai hilo linastahili kuchunguzwa.

Kwa kawaida sheria za Marekani huhesabu mchezo kuwa kamari panapokutana mambo matatu: mchezaji ametoa kitu cha thamani, bahati ndiyo inayoamua, na mshindi anapata tuzo. Likikosekana moja, kosa hakuna. Ndiyo maana muuza soda aliweza kuwashindanisha wateja wake kwa tuzo ya gari, mradi asiyetaka kununua soda aruhusiwe kutuma kadi ya posta na kuingia katika droo ile ile. Biashara ilikuwa soda. Droo ilikuwa tangazo lake.

Wenye kasino waliuona mlango huo mdogo wakapitisha tembo. Katika michezo yao zimo sarafu za aina mbili. Ya kwanza, iitwayo sarafu ya dhahabu, haina thamani yoyote. Ya pili hugeuzwa kuwa dola halisi. Mchezaji hauziwi hiyo ya pili. Hununua ya kwanza, na ya pili akaongezewa "bure". Asiyetaka kununua aweza kuandika ombi kwa mkono wake, alitie katika bahasha, alipeleke posta, kisha angoje sarafu chache. Ni nani atakayeandika barua usiku wa manane, ilhali kidole kimoja kwenye simu chatosha kuutoa mshahara wake benki? Na hiyo soda iko wapi? Hakuna bidhaa inayotangazwa. Kinachouzwa ni kamari yenyewe, na anayeshindwa hununua tena.

California haikubishana na majina. Iliutazama mpango wenyewe wa sarafu mbili katika michezo inayoiga kasino, ikaupiga marufuku. Kisha ikawafuata wanaousaidia kwa kujua: wapitisha malipo, watengeneza programu na watangazaji. Adhabu ni faini kati ya dola 1,000 na 25,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Montana, Connecticut na New Jersey zilikwisha kupitisha sheria za namna hiyo mwaka huo huo wa 2025.

Louisiana ilikwenda njia nyingine. Mwezi Juni 2025 Gavana Jeff Landry aliukataa muswada uliopitishwa na Bunge la jimbo lake, akisema kwamba sheria zilizopo zinatosha. Kweli, bodi ya michezo ya kubahatisha ya huko ilituma amri zaidi ya 40 za kusitisha biashara hiyo. Lakini amri inayopelekwa kwa kampuni iliyo ng'ambo ni karatasi tu, iwapo njia ya fedha haikuzibwa. Kwa maoni yangu California ilifanya vema zaidi.

Hata hivyo, tusiivishe sheria hiyo kanzu ya utakatifu. Tangu mwaka 2000, kwa kura ya wananchi, makabila ya wenyeji wa asili ndiyo yenye haki ya kuendesha mashine za kamari California, na makabila makubwa yenye kasino yaliupigania muswada huu kwa nguvu. Walikuwa wanalinda mali yao, na wana haki ya kuilinda. Lakini baadhi ya makabila madogo, likiwamo Kletsel Dehe Wintun, yaliupinga. Wao wako mbali na miji, na mgeni wa kucheza huko ni nadra. Biashara ya intaneti ilikuwa tumaini lao la mapato.

Malalamiko yao ni ya haki, ingawa dawa waliyoitaka ni mbaya. Upo mfuko maalumu unaotokana na michango ya makabila yenye kasino, ambao huyapa makabila yasiyo na mashine, au yenye mashine chache, dola milioni 1.1 kila moja kwa mwaka. Wabunge walioharakisha muswada ule wangeweza kuanza na kiwango hicho.