Mtoto wa Siku Nane Hana wa Kumwambukiza

Dada yangu alikuwa hajamaliza wiki tangu ajifungue pale shangazi alipouliza: "Mtamtahiri lini? Akiwa mchanga hasikii uchungu, na mtakuwa mmeshamkinga na UKIMWI." Maneno haya nimeyasikia hata kwa waliosoma. La uchungu ni uongo, na la kinga si sababu ya kumtahiri mtoto mchanga.

Hilo la kinga ndilo linalowanyamazisha wazazi, kwa sababu limetoka kwenye utafiti. Ni kweli, majaribio ya Orange Farm huko Afrika Kusini, Kisumu huko Kenya, na Rakai huko Uganda yalionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume uwezekano wa kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Silipingi. Ila waliotahiriwa Kisumu walikuwa vijana wa miaka 18 hadi 24, walioelezwa na kukubali wenyewe. Mtoto wa siku nane halali na mtu. Hatari yenyewe iko miaka mingi mbele yake, na atakapoifikia atakuwa na mdomo wa kusema nataka au sitaki. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya kinga kwa wavulana wa miaka 15 na kuendelea, na miongoni mwa sababu ni usalama na ridhaa ya wadogo.

Kuhusu uchungu, msikilizeni mtoto mwenyewe ganzi inapoisha.

Anayetahiri kwa ibada aseme ni ibada, tujadiliane juu ya ibada. Asijifiche nyuma ya daktari. Na anayetaja mila akumbuke kwamba mvulana wa Kibukusu huomba kutahiriwa, kisha huzunguka na njuga akiwaalika jamaa zake. Shinikizo lipo, tena kubwa, lakini hata mila hiyo inadai mwenye mwili atamke.

Tunajua vizuri ridhaa ina uzito gani. Wanaume Wajaluo walipotahiriwa kwa nguvu Naivasha na Nakuru mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, hakuna aliyesema wamekingwa. Majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walikiita kitendo cha kinyama. Simfananishi mzazi mwenye upendo na wahalifu wale. Nauliza tu kwa nini idhini ya mtu mzima ni kitu kitakatifu, na ya mtoto, ambayo tungeweza kuingoja, tunaijaza sisi.

Mpwa wangu sasa ana miezi minne. Dada amemjibu shangazi kwamba mtoto ataulizwa akikua.