Krismasi ya Kisaki Ilikuwepo, Dada Aache Kiki

Haya, Desemba imefika na mastaa wa Bongo wameanza ule mchezo wao. Mtangazaji anauliza kwa sauti ya upole, "Krismasi yako ya utotoni ilikuwaje?" Staa anainamisha kichwa, anafuta jicho ambalo wala halijalowa, anasema, "Sisi hatukuwahi kuwa na Krismasi." Kipande kinakatwa, kinapandishwa mtandaoni, na mpaka jioni watu wanalia kuliko mwenye msiba.

Safari hii zamu imemwangukia dada mmoja muimbaji, jina kapuni, mzaliwa wa Kisaki, kule kusini ya milima ya Uluguru inakopita reli ya TAZARA. Dada kasema kwao Desemba 25 ilikuwa siku kama siku nyingine. Walikunywa uji wakalala. Nguo ya sikukuu hajui inafananaje, na sherehe yenyewe kaijulia Dar. Siku mbili baadaye kaposti sebule yake: mti wa plastiki unaomzidi urefu, umetandikwa pamba kila tawi eti theluji, na kwa nyuma feni inazunguka kwa kasi maana joto la Desemba halina staa. Chini kaandika kwamba hatimaye mwanawe atapata Krismasi ambayo mama yake hakuipata.

Tatizo la dada huyu ni kwamba hana mazoea ya kufuta posti.

Kwenye ukurasa wake huohuo, ukishuka mpaka enzi zile hajapata jina, ipo picha ya zamani iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye albamu. Mtoto wa miaka kama saba, gauni jeupe lenye mikono iliyovimba, soksi nyeupe zimevutwa hadi magotini, soda kaikumbatia kwa mikono miwili. Maelezo kaandika mwenyewe: Krismasi nyumbani Kisaki, kitambaa baba alikuja nacho na treni, bi mkubwa akashona usiku kucha kwa cherehani ya kuazima. Akamalizia kwamba hakuna mtoto aliyependeza kumshinda siku ile. Sasa jamani, gauni lile lilikuwa la mahafali?

Hakuna anayebisha kwamba maisha yalikuwa magumu. Kisaki si Masaki. Barabara ya kutoka Morogoro mjini, ukipita Matombo, Mvuha na Dutumi, mvua ikichanganya inakufundisha kusali hata kama hukuwa msalihina. Watu wanalima mpunga, mahindi na ufuta, na Desemba ndiyo miezi ile ghala limepungua na jembe liko shambani. Lakini umaskini ni kitu kimoja na kukosa sikukuu ni kitu kingine kabisa, na dada anavichanganya kwa makusudi kwa sababu cha pili ndicho kinaleta wafuasi.

Wanaozijua sikukuu za pande zile wanajua zilivyokwenda. Jogoo alikuwa anatajwa jina tangu Novemba, yule haguswi, ni wa Krismasi. Mchele mzuri uliwekwa pembeni. Mdalasini, iliki na karafuu vilishuka kutoka milimani, maana Uluguru viungo ni mazao, si mapambo ya jikoni. Asubuhi jogoo alipelekwa kwa jirani Mwislamu akachinje, ili wakati wa kula asiwepo wa kujitenga, na sinia la kwanza la pilau lilivuka uzio kwenda kwake. Ikifika Idi sinia linarudi. Watoto walitoka kanisani na nguo zao, wanapita nyumba kwa nyumba, "shikamoo bibi, nipe sikukuu yangu," wanatoka na andazi, embe, au sarafu. Embe ndiyo msimu wake, unakula mpaka gauni jeupe linageuka njano na bi mkubwa anakuchapa sikukuu hiyohiyo. Hiyo nayo ni kumbukumbu.

Baba alikosa pesa mwaka fulani? Bila shaka. Jogoo aliuzwa kulipa dawa? Imewahi kutokea nyumba nyingi. Timu ya dada iliyojaa povu mtandaoni inashika hapohapo: kumbukumbu ni zake, nani anajua alichopitia? Hoja hiyo ina uzito na haifai kuchekwa. Mtoto anaweza kusahau gauni la miaka mitano akaukumbuka mwaka mmoja wa uji. Basi aseme mwaka ule. Aseme, "Kuna Krismasi moja tulilala na uji, na sikuisahau." Ingekuwa habari ya kweli na ingeuma zaidi. Alichosema yeye ni "hatukuwahi," na neno hilo halimgusi yeye peke yake. Linamfuta mtu aliyekaa na cherehani ya watu usiku kucha, akishona kwa mwanga wa kibatari, asubuhi akairudisha kwa mwenyewe kabla hajaulizwa.

Na mtu huyo yuko hai. Yuko Kisaki, na Kisaki ya leo ina simu. Wa nyumbani kwao wanasema kile kipande kiliwafikia siku ileile, na bi mkubwa alionyeshwa na mtoto wa jirani. Hakusema kitu. Aliuliza tu kama gauni lilisahaulika.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba dada anatoka kwa watu ambao ukoo unahesabiwa kwa mama. Uluguruni mashamba yamepita kwa mama karne na karne, mjomba ana sauti kwa sababu ya mama, mtoto anajulikana ni wa nani kwa kumtazama mama. Halafu mtoto wa ukoo wa mama anakaa studio na kumtangaza mama kwamba hakumpa chochote! Wazee wa kule wana jina la tabia hiyo na halifai kuandikwa hapa.

Mtangazaji naye asijifiche nyuma ya maiki. Swali la pili lilikuwa, "Ulijisikiaje kuwaona wenzako wanasherehekea?" Hajauliza kwao walikula nini, nani alipika, waliimba nini kanisani. Angeuliza hayo dada angejikuta anasimulia vizuri mpaka anacheka. Ila kicheko hakitrendi.

Wala si yeye peke yake. Yupo kaka mwigizaji ambaye Desemba iliyopita alikwenda kijijini kwao, mkoa huohuo wa Morogoro, na wapiga picha watatu. Wazee wakapangwa mstari juani, kila mmoja mfuko mdogo wa mchele wenye sura ya kaka. Mchele wa dukani kutoka mjini, unapelekwa kwa watu wanaolima mpunga! Mzee mmoja anaonekana kwenye video anaugeuzageuza mfuko kama anatafuta mwaka wa mavuno. Kaka akaondoka jioni ileile, chakula cha nyumbani hakukigusa. Kama alitaka kutoa, angetoa usiku bila kamera, na kama alitaka sikukuu, angekaa akala.

Watu wawacheke Wachaga wanavyobanana kwenye mabasi kila Desemba kwenda Moshi, lakini wale wanafika, wanachinja, wanakaa na wazazi. Kisaki nako kunafikika. Tangu 2024 treni ya umeme inamfikisha mtu Morogoro kutoka Dar kabla ya saa mbili kuisha, kilichobaki ni hiyo barabara, na gari la dada, kwa picha anazoposti, lina magurudumu ya kupanda hata mlima. Watalii wanatoka Ulaya kupita palepale Kisaki kwenda Hifadhi ya Nyerere kuangalia tembo. Mwenye kwao anashindwa nini?

Ule mti wa pamba aubakize akipenda, nyumba ni yake. Ila mtoto wake ana miaka sita sasa, anaelekea saba, na habari kutoka kwa ndugu ni kwamba bi mkubwa ameshanunua kitambaa cheupe. Cherehani siku hizi anayo ya kwake. Kinachosubiriwa ni vipimo, na ametuma ujumbe mara mbili kuviomba. Mpaka leo asubuhi alikuwa hajajibiwa.