Tuachieni kompyuta moja tuivuruge

Vijana wenzetu, na nyinyi mnaofanya kazi nasi kambini,

Usaili wa skolashipu ukikatika katikati, jibu ni lilelile: "Neti ya kambi ndo ilivyo." Sisi hatukubali. Pakiti zinapotea mahali fulani, na mahali hapo panapimika.

Ndo maana kwenye mazoezi tunazipoteza kwa makusudi. Kompyuta kuukuu yenye Linux na kadi mbili za mtandao inakaa katikati kama fayawoli: huku laptopu ya mwanafunzi, kule ruta. Tunaiambia netem, programu iliyomo ndani ya Linux, itupe asilimia 10 ya pakiti. Ukipiga pingi unaona kama 10, unaridhika. Kumbe netem inatupa zile zinazotoka kwenye kadi uliyoiwekea tu. Zinazoingia zinapita salama. Iweke kwenye kadi zote mbili, utaona karibu 19, si 20: maombi 100 yanavuka 90, na majibu 90 yanafika 81. Tena usipime kwa pingi kumi, maana leo utapata sifuri, kesho tatu. Tuma mia kadhaa.

Na pingi si msema kweli siku zote. Fayawoli ikizuia ICMP, pingi zote zinapotea na huku kurasa zinafunguka vizuri tu. Au pingi ni safi kabisa, lakini simu ya video inasuasua kwa sababu UDP imefungwa. Laini mbovu hutupa chochote. Sheria ya fayawoli huchagua, na inatupa kitu kilekile kila mara. Hapo unajua umwendee nani: mwenye laini, au mwenye funguo za fayawoli.

Mwenye funguo ndo shida yetu. Vijana wamefundishwa, vyeti wanavyo, lakini fayawoli ya maabara hawaruhusiwi hata kuitazama. Hofu ya usalama tunaielewa, maana mtandao ule unabeba taarifa za watu. Basi neno la siri kaeni nalo. Tupeni ruhusa ya kusoma tu hesabu ya pakiti zilizotupwa na kila sheria. Kusoma hakubadilishi kitu. Na tupeni kompyuta moja kuukuu ya kuvurugia, mbali na laini ambayo wenzetu wanafanyia mitihani. Tutawaletea vipimo vyenye saa na tarehe, mvipeleke kwa mwenye laini.